Umechuja una miaka 22: njia ya kurudi inaanzia wapi? (Uzi mrefu, vuta kiti)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mpiga besi. Kwa miaka miwili nilikuwa kwenye bendi ya dada mmoja ambaye wengi wenu mnamjua kwa wimbo mmoja tu. Simtaji, kwa hiyo msijaze inboksi yangu. Wimbo wenyewe aliutoa akiwa na miaka 16, na mimi naingia kwenye bendi ana 29. Kila ukumbi tuliofika, mlinzi wa mlangoni alimkumbuka, akaimba kiitikio kidogo, kisha akauliza kwa huruma: "Siku hizi unafanya nini?" Mtu amekuja kupiga shoo, jina lake liko kwenye bango nyuma ya mlinzi huyohuyo, na bado anaulizwa siku hizi anafanya nini.

Sisi wa nje huwa tunasema fulani amechuja, fulani amefulia, tunacheka tunapita. Akirudi tunasema "kapata hiti nyingine", kana kwamba kaiokota njiani. Nilichokiona kwa karibu, na nikaja kukiona tena kwenye habari za wakubwa, ni kwamba hiti huja mwishoni. Yanatangulia mambo makavu ambayo hakuna anayeyatungia wimbo: nani anamiliki sauti yangu, nani anamiliki jina langu, na je, kesho asubuhi naweza kuingia studio bila kumwomba mtu ruhusa?

Wengi hawawezi. Mkataba wa lebo, yaani kampuni ya kurekodi muziki, kwa kawaida hauhesabu miaka, unahesabu albamu. Umesaini albamu nne, basi utakuwa huru ukishatoa nne, na anayeamua kwamba albamu imekubalika ni lebo. Lebo ikinyamaza, saa yako imesimama. Hufukuzwi, huachiwi, hutoi kitu. Na ile hela ya kianzio mliyopiga nayo picha siku ya kusaini ni mkopo unaorudishwa kutoka kwenye mgawo wako mdogo. Gharama za studio na sehemu ya gharama za video nazo hukatwa humohumo. Ndiyo maana wimbo unaweza kuwa namba moja huku daftari la mwimbaji bado linasoma hasi.

Mfano ninaoupenda ni JoJo wa Marekani, Joanna Levesque. Alisaini akiwa na miaka 12. Mwaka 2004 "Leave (Get Out)" ikapanda mpaka kileleni mwa chati ya redio za pop, naye ana miaka 13, msanii wa solo mdogo kuliko wote waliowahi kufika pale. Albamu ya pili ikatoka 2006. Ya tatu? 2016. Miaka kumi! Na si kwamba alikuwa amelala, alikuwa anarekodi na kutoa mikusanyo ya bure ili watu wasimsahau. Mwaka 2013 akaenda mahakamani. Moja ya hoja zake ni kwamba kwa sheria ya jimbo la New York, mkataba aliosaini akiwa mtoto haukupaswa kumfunga zaidi ya miaka 7. Mwaka uliofuata akawa huru.

Sasa sikiliza sehemu inayonisisimua. Yuko huru, lakini wakati ule albamu zake mbili za utotoni hazikuwepo kwenye mitandao ya kusikiliza muziki, kwa sababu rekodi zilikuwa mikononi mwa lebo ile ya zamani. Kijana aliyemtafuta alikuta shimo mahali palipokuwa na utoto wake. Akafanya nini? Akarudi studio akaziimba upya zote mbili, mstari kwa mstari, akaziachia Desemba 2018. Mwanamke anayegonga miaka 28 anaimba upya hasira za kuachana alizoziimba akiwa na miaka 13. Sauti imenenepa, imetulia. Mimi zile mpya ndizo ninazosikiliza.

Nakuja na Robyn, ngoja nichaji simu.

#2

Nimevuta kiti. Usije ukatufanyia yale ya "itaendelea" halafu unapotea mwezi.

#3 Mleta uzi

Nimerudi.

Robyn ni Mswidi, alianza kutoa nyimbo katikati ya miaka ya tisini akiwa bado msichana mdogo. Mwaka 1997 nyimbo zake mbili, "Do You Know (What It Takes)" na "Show Me Love", zikaingia kumi bora Marekani. Hiyo ya pili kaitengeneza pamoja na mtunzi na prodyuza Max Martin, kabla dunia haijamjua Max Martin ni nani. Yaani njia ilikuwa imeshachongwa, alichotakiwa ni kuifuata tu.

Albamu ya pili, 1999, ilikuwa na nyimbo zilizogusa utoaji mimba aliopitia yeye mwenyewe. Lebo ya Marekani ikataka mabadiliko, akakataa, albamu haikutoka kule. Akakaa kwenye mfumo miaka mingine kadhaa, ya tatu nayo ikapita kimyakimya. Kisha akajinasua, na mwaka 2005 akafungua lebo yake, Konichiwa Records. Msichana aliyekuwa na kampuni kubwa mgongoni sasa anatoa albamu kutoka kwenye kaofisi kake, na kaiita kwa jina lake tu, Robyn, kama mtu anayejitambulisha upya mlangoni.

Ilichukua mpaka Agosti 2007 ndipo "With Every Heartbeat", aliyofanya na prodyuza Kleerup, ikawa namba moja Uingereza. Halafu 2010 ikaja "Dancing On My Own", ambayo nadhani hata asiyemjua Robyn amewahi kuilia.

Hesabu mwenyewe. Lebo yake kwanza, hiti baada ya miaka miwili. Ndicho ninachosema, karatasi kwanza.

#4

Mkuu uzi mzuri ila napinga. Karatasi haiimbwi. Ukiwa na wimbo mkali hata shetani atakufungulia mlango.

Chukua Alanis Morissette. Huko Canada alikuwa binti wa pop ya kudansi, albamu ya kwanza 1991, ya pili 1992, ya pili ikadorora na lebo ikamwacha. Aliachwa, hakupigana na mtu. Alichofanya ni kuhama mji, akafika Los Angeles, akakutana na prodyuza Glen Ballard, wakaanza kuandika. Mwaka 1995 ikatoka Jagged Little Pill, zaidi ya nakala milioni 30 duniani, na Grammy ya albamu ya mwaka akiwa na miaka 21. Hapo karatasi iko wapi? Hapo kuna hasira na kalamu.

#5 Mleta uzi

#4 umenipiga pazuri, nakubali nusu.

Ila soma tena ulichoandika: "lebo ikamwacha". Hiyo ndiyo karatasi yenyewe! Kuachwa mapema ilikuwa bahati yake kubwa. Angeshikiliwa kwa albamu nyingine mbili, zile nyimbo za chumbani kwa Ballard zingeandikwa chini ya mkataba wa watu waliotaka adanse. Kuna wasanii wanaoombea waachwe, wewe unafikiri natania.

Kitu kingine. Alanis kimataifa alikuwa mtu mpya. Mzigo wa utoto wake ulibaki nyumbani kwao, dunia ilikutana naye akiwa na sauti ile ya pili. Aliyekuwa maarufu kila kona hana pa kuhamia.

#6

Nafanya kazi za mikataba (si ya muziki, ila karatasi ni karatasi). Nikuongezee la jina, umeligusa ukaliacha.

Sugababes. Wasichana watatu wa London, wimbo wao wa kwanza "Overload" ulitoka 2000 wakiwa vijana wadogo wa sekondari. Mmoja akatoka 2001, wa pili 2005, wa tatu akatolewa 2009. Kila akitoka mmoja anaingizwa mwingine, mpaka kundi likabaki na jina lilelile bila hata mtu mmoja wa mwanzo. Waanzilishi walipoungana tena 2012 walilazimika kujiita kwa majina yao matatu, Mutya Keisha Siobhan, kama kampuni ya mawakili. Waliimba nyimbo zao wenyewe chini ya bango ambalo shabiki wa kawaida hakulijua. Jina walikuja kulipata tena 2019.

Mwaka 2022 wakapanda jukwaa moja dogo kwenye tamasha la Glastonbury, watu wakafurika mpaka eneo likafungwa. Sauti ni zilezile na nyimbo ni zilezile. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni.

Mtoto akisaini, jina la kisanii huwa linaandikwa kwenye kile kifungu ambacho hakuna anayekisoma. Wazazi mpo humu, someni.

#7

Dah, "kama kampuni ya mawakili" 😂😂

#8

Mimi naona mnawaonea huruma bure. Wengi wao kipaji kilikuwa cha prodyuza. Watoto walisimamishwa mbele ya maiki wakaambiwa imba hapa, cheka hapa. Prodyuza akiondoka wanabaki na nywele nzuri. Kutorudi ni haki yao.

#9 Mleta uzi

#8 ni mkali, ila hoja yako ina ukweli wake. Mike Stock mwenyewe, mmoja wa maprodyuza wa mwanzo wa Kylie Minogue, amesimulia kwamba "I Should Be So Lucky" waliiandika kwa kama dakika 40 huku Kylie akisubiri nje, kwa sababu walikuwa wamesahau kwamba anakuja siku hiyo. Hiyo ni hiti iliyomtambulisha Ulaya. Yeye hakuandika hata neno.

Lakini fuata kilichofuata. Kylie aliwaacha hao mabwana 1992. Mwaka 1995 akaimba na mwanaroki Nick Cave wimbo wa mauaji, watu wakashangaa. Mwaka 1997 akatoa Impossible Princess, ambayo ndani yake kashiriki kuandika karibu kila wimbo, na Uingereza wakamcheka, haikuuza. Lebo ikaachana naye. Ukimtazama 1998 ungesema #8 ana haki, binti bila maprodyuza wake ni bure.

Akaingia lebo nyingine, na mwaka 2000 "Spinning Around" ikawa namba moja, 2001 ikaja "Can't Get You Out of My Head" ikaifunika hata hiyo. Na hizo mbili hakuziandika yeye! Ila safari hii alichagua. Amekaa miaka minane akijaribu, ameshaonja kuandika, ameshaonja kushindwa, anajua wimbo upi unamkaa. Kati ya binti anayesubiri nje ya chumba na mwanamke anayesikiliza demo tano na kusema "hii", kuna kipaji kikubwa hapo katikati, nacho hakionekani kwenye video.

Kwa hiyo #8, wale ambao kipaji kilikuwa cha prodyuza wapo. Shida ni kwamba hata wao wenyewe hawajui kama ni wao mpaka wajaribu, na kujaribu hadharani baada ya umaarufu kunauma kuliko kujaribu ukiwa hujulikani. Chipukizi akitoa wimbo mbovu hakuna anayejua. Huyu akitoa wimbo mbovu ni habari.

#10

Swali kwa mleta uzi: ule wimbo wa zamani wanaufanyaje? Nimewahi kwenda shoo msanii akakataa kabisa kuimba hiti yake, watu wakanuna. Mimi pia nilinuna.

#11 Mleta uzi

Hili nilitaka kulijia, na ndilo ninalolijua kwa vidole.

Dada yetu mwaka wa kwanza aliuchukia. Aliuweka wa tatu kwenye orodha, kuumaliza haraka. Matokeo: wimbo wa tatu ukiisha, theluthi ya ukumbi inaelekea kwenye mlango au inageukia stori zao. Wimbo wa nne, ambao ni mpya na ni mzuri, unapigiwa migongo. Nimepiga besi kwa migongo mingi.

Akauhamishia mwisho. Sasa watu wanakaa, lakini wanakaa kama wanasubiri basi. Kila wimbo mpya ukianza unaona kwenye sura: "siyo huu".

Kulikuwa na tatizo jingine la kimwili kabisa. Ule wimbo ulirekodiwa na koo la miaka 16. Noti ya juu kwenye kiitikio alikuwa anaifikia, ila kila usiku kwa wasiwasi, na wasiwasi unasikika. Alikataa kuushusha kwa sababu aliona ni kukiri kwamba amezeeka. Ana miaka 29!

Siku moja kwenye saundicheki mpiga kinanda alikuwa anajichezea, akaupiga taratibu, toni mbili chini. Dada alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaanza kuimba bila kuinua kichwa. Jamani. Mistari ambayo binti wa miaka 16 aliiimba kama majivuno, mtu mzima akiiimba inakuwa maombi. Mimi nikaacha kupiga, fundi mitambo naye akasimama.

Toka siku ile ukawa wa kwanza. Anapanda na kinanda tu, anauimba taratibu, watu wanachelewa kuutambua mpaka mstari wa pili, halafu wanapiga kelele. Deni limelipwa dakika ya nne ya shoo, na lisaa lizima lililobaki ni lake. Hatukupoteza migongo tena, au niseme ilipungua sana, nisiwadanganye.

Kwa hiyo #10, aliyekataa kuimba hiti yake namwelewa, ila nadhani alikosa mpiga kinanda.

#12

Hiyo ya viatu imenikaa 🙌

#13

Mmesahau kundi moja: waliokaa pembeni kwa hiari. Rick Astley alipata wimbo wake mkubwa 1987, akaacha muziki 1993 akiwa na miaka 27, akaenda kulea mtoto. Mwaka 2007 intaneti ikaanza kumfanyia mzaha kwa wimbo uleule, unabofya kitu kingine unakutana naye anacheza. Mtu mwingine angenuna. Yeye akacheka nao. Mwaka 2016, umri miaka 50, akatoa albamu inayoitwa 50, ala zote kapiga mwenyewe, ikawa namba moja Uingereza, miaka 29 baada ya albamu yake ya kwanza.

Huyo hakupigana na karatasi wala na mtu.

#14 Mleta uzi

#13 sawa kabisa, na ongeza kwamba kwenye safari hii ya pili hakuwa na haraka. Aliyeacha akiwa na miaka 27 na maisha yake yamekaa sawa anaweza kusubiri miaka 20 mzaha ugeuke mapenzi. Ambaye deni la lebo linamsubiri hawezi.

#15

Na hela katikati hapo wanatoa wapi? Maana mnaongea miaka kumi kimya kama vile tumbo nalo lina mkataba.

#16 Mleta uzi

😂 Tumbo halina mkataba.

Anayeandika nyimbo ana afadhali, kwa sababu haki za utunzi ni mlango tofauti na haki za rekodi. Rekodi inaweza kuwa ya lebo, lakini wimbo ukipigwa redioni au ukiimbwa na mtu mwingine, mtunzi anapata mrabaha. Gary Barlow wa Take That, kundi la Uingereza, ndiye aliyekuwa mtunzi mkuu wa kundi. Kundi likavunjika 1996, wote tukaamini yeye ndiye atakayekuwa mkubwa. Nyimbo zake mbili za kwanza za solo zilifika namba moja, kisha albamu ya 1999 ikaanguka na lebo ikamtema. Akajificha nyuma akawa anawaandikia wengine. Kundi liliporudi 2006 na "Patience", ikawa namba moja. Kalamu haikuwa imeota kutu kwa sababu alikuwa anaitumia kila wiki kwa majina ya watu wengine.

RAYE, mwimbaji wa Uingereza, hivyohivyo. Alisaini lebo kubwa 2014 akiwa na miaka 17, mkataba wa albamu nne, na kufikia 2021 hakuwa ameruhusiwa kutoa hata moja. Alikuwa anasikika kwenye nyimbo za wengine na kuwaandikia wengine. Juni mwaka huo akalisema waziwazi mtandaoni, wiki chache baadaye akaachiwa. Januari 2023 "Escapism" ikawa namba moja Uingereza akiwa anajitegemea, na Machi 2024 akabeba tuzo sita za Brit usiku mmoja, rekodi. (#4, nakuona. Ndiyo, wimbo ni mkali. Lakini angalia tarehe.)

Wale wasioandika hufundisha sauti, huimba kwenye matangazo, huenda kwenye maigizo ya jukwaani. Dada yetu alikuwa anafundisha watoto Jumamosi. Mmoja alimuuliza kama ni kweli aliwahi kuwa maarufu, akajibu, "Mama yako ndiye anajua."

#17

Na sasa yuko wapi huyo dada? Karatasi zake zilimalizikaje?

#18 Mleta uzi

Rekodi ya wimbo ule bado si yake, na alishaacha kuipigania. Alichosubiri ni kifungu cha kutorekodi upya kiishe muda wake. Mikataba mingi huwa nacho, huhesabu miaka kadhaa toka wimbo utoke au toka mkataba ufe. Tulikihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa mpiga kinanda, tunakata siku kwa kalamu nyekundu kama wafungwa.

Kilipoisha, Jumatatu yake tukaingia studio. Kinanda, besi, sauti. Toni mbili chini. Tuliurekodi mara tatu, tukachukua wa kwanza. Ukiusikiliza kwa hedifoni, mwanzoni kabisa kuna mlio kama wa kitu kinaburutwa. Ni kiti chake. Prodyuza alitaka kuufuta, akakataa.

Haukuwa namba moja popote. Wanaousikiliza kwa mwezi wanatosha kujaza kumbi ndogo, na kumbi ndogo zilitosha kutulipa sisi wanne. Wiki mbili zilizopita alinitumia ujumbe: mlinzi wa mlango sehemu fulani kamwimbia kiitikio, na kakiimba taratibu.